Matofali ya Mzee Pontien

Ukipita Kawajense, ile njia ya kushukia mtoni, utaona nyumba moja mpaka leo haijapigwa plasta, na ukutani matofali yameandikwa ba, be, bi, bo, bu. Mengine yameandikwa mama. Moja limeandikwa kuku, ila herufi ya mwisho imesimama kichwa chini. Wageni wakipita wanasimama wanacheka. Kuna mmoja alithubutu kuniambia ni uganga. Uganga! Yaani mtu mzima anaona ba be bi anawaza uganga. Yale ni masomo ya Emelyne, na aliyeyafyatua ni jirani yangu mzee Pontien. Mimi Sauda niliyaona yote tangu mwanzo, na kwa vile mdomo wangu haujui kukaa na jambo, nitawasimulia.

Mimi nimezaliwa Majengo, baba yangu alikuwa na duka la vitambaa kule, nikaolewa huku Kawajense. Nina genge langu mbele ya nyumba, nauza nyanya, dagaa, sabuni na vikorokoro vingine. Nyuma ya ua wangu ndiyo kwa mzee Pontien. Tunamwita mzee kwa ajili ya mvi zake tu, hata sitini hajafika. Mama yake alivuka naye kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni, mwaka ule wa mauaji wa sabini na mbili, akakulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, akapata uraia pamoja na wenzake. Mke wake alipofariki akahamia mjini akaanza kazi ya matofali kule bondeni karibu na mto.

Ni mtu wa taratibu mpaka anaudhi. Unamwuliza jambo, unaweza kwenda kuchemsha chai, ukarudi, ndiyo kwanza anajibu. Na alikuwa na kituko kimoja kilichonichekesha miaka yote. Ukimwuliza, "Mzee Pontien, kwenu mlizaliwa wangapi?" anajibu, "Tulikuwa wa kutosha." Ukimwuliza kuku wake wangapi, anasema, "Wapo." Ile sensa ilipokuja, karani alimwuliza watu wangapi wamelala humu ndani, mzee akamwambia, "Ingia uwaone mwenyewe." Karani wa watu akatoka pale anafuta jasho. Nikamwambia mzee, wewe Mungu akikuuliza siku ya kiyama utamjibu wapo. Akacheka tu, akaenda zake.

Basi huyo mzee alikuwa anaishi peke yake, anakula peke yake, mpaka alipoletewa Emelyne.

Emelyne ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake Médiatrice. Médiatrice na mume wake wanalima Kasekese, na shamba lao liko mbali na shule, mbali kweli, mtoto mdogo hawezi kwenda na kurudi kwa miguu. Alipofika umri wa darasa la kwanza wakamleta kwa babu yake. Nilikuwepo siku ile. Médiatrice alikuwa na kichanga mgongoni, amechoka, macho mekundu. Akasema, "Baba, nakupa mwaka mmoja. Akivuka kwenda la pili, abaki hapa asome. Asipovuka namchukua, anisaidie kulea, maana nalemewa." Hakusema kwa ubaya. Mtu anayelima na mtoto mgongoni, hata mimi siwezi kumlaumu.

Mzee akajibu baada ya ule muda wake, "Atavuka."

Jamani, mzee yule alibadilika! Mtu aliyekuwa anasonga ugali kidogo wa muhogo anaula kimya, sasa unasikia huko nyuma ya ua wanacheka. Emelyne mfupi, macho makubwa, maswali hayaishi. "Sogokuru, kwa nini moshi unapanda juu?" Sogokuru ndiyo babu kwa Kirundi. "Sogokuru, samaki wanalala wapi?" Na mzee anajibu yote, polepole, na mtoto ana subira ya kumngoja kunishinda mimi. Asubuhi anamchana nywele mwenyewe kwa kitana, vibaya, mpaka nikawa namwita mtoto uani kwangu namchana upya.

Mwezi wa sita shule ikaita wazazi wa darasa la kwanza. Mwalimu wao ni mwalimu Manyanda, Msukuma mmoja mrefu, mpole, ana darasa la watoto waliobanana mpaka dirishani. Mimi mwanangu wa mwisho alikuwa darasa hilohilo, kwa hiyo nilikwenda. Mwalimu akatuambia, "Mimi peke yangu siwawezi wote. Nisaidieni nyumbani. Sihitaji mnunue vitabu. Mwonyesheni mtoto herufi kwenye mfuko wa unga, kwenye khanga, kwenye boksi la sabuni. Mwambieni ahesabu vijiko, ahesabu viti. Kidogo tu kila siku, na msimpige." Halafu akamwita mzee Pontien pembeni. Nami nikajisogeza, kwani masikio yana mlango? Akamwambia, "Mzee wangu, Emelyne herufi bado. Na kuhesabu ndiyo kabisa, hata moja hasemi. Tukienda hivi, mwisho wa mwaka atarudia darasa."

Mzee alirudi njia nzima hasemi kitu. Mimi niliongea kwa niaba yetu wote wawili.

Kesho yake jioni nilimpelekea dagaa kule bondeni, nikakuta jambo. Mzee amefyatua tofali, bado bichi linang'aa, amemkalisha Emelyne mbele yake, ameshika kijiti. Akachora kwenye tope herufi E. Akamwambia, "Hii ni ya kwako. Jina lako linaanzia hapa." Mtoto akainama akaitazama. Akachukua kijiti, akachora yake pembeni, imepinda. Mzee akasema, "Oya, hapana, tazama tena." Akalowesha kiganja, akapangusa juu ya tofali, likawa safi kama halijaguswa. Mtoto akachora tena. Hicho ndicho nilichokipenda kwenye lile tope. Kosa linapanguswa, hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelia.

Ikawa ndiyo kazi yao. Emelyne akirudi shule, akila, anashuka bondeni. Kila tofali linalotoka kwenye fremu linapewa herufi, naye anaitamka. Baadaye ikawa silabi. Mzee mwenyewe alisomea Katumba mpaka la nne, anasoma kitabu cha nyimbo cha kanisani kwa kufuata kidole, kwa hiyo hakuwa na haraka, na mtoto hakuona kwamba yeye ndiye mzito. Wakimaliza wanatembea kando ya matofali yaliyoanikwa, wanahesabu. Kwanza kwa Kirundi, rimwe, kabiri, gatatu. Wakirudi wanahesabu kwa Kiswahili. Nikiwa gengeni kwangu nasikia kasauti kanapanda, ishirini na nane, ishirini na tisa, kanasimama, kanafikiri, halafu kanapiga kelele, "Thelathini!" Utadhani wamefunga goli.

Watoto wangu nao wakahamia huko. Raya wangu yuko la nne, akajifanya mwalimu msaidizi, anashika kijiti anakaripia wenzake. Jioni narudishiwa watoto wamejaa tope mpaka masikioni. Nilifoka, sikatai. Lakini nilipomsikia mwanangu wa mwisho anasoma neno sabuni kwenye boksi, mwenyewe, bila kuambiwa, nilinyamaza, nikaenda kuchota maji ya kuwaogesha.

Mzee alipochoma tanuru la kwanza, akaja mteja wake, bwana mmoja anaitwa Abdillah, mfanyabiashara wa Majengo, alikuwa anajenga huku kwetu. Kugeuza tofali, anakuta bi. Kugeuza jingine, bo. Akaja juu. "Mzee, mimi najenga nyumba ya kuishi, sijengi shule!" Mzee Pontien akawa anatafuta jibu, na mnamjua kutafuta kwake. Nikaona atakosa mteja hivi hivi. Nikamwambia Abdillah, "We kaka, tofali limekwambia nini? Limekutukana? Si utapiga plasta? Piga plasta ufunike bi yako ulale." Akanitazama, akacheka, akapakia. Na hiyo plasta mpaka leo hajapiga. Anasema hela imekata, lakini mimi namwona mwanawe mdogo anavyosimama asubuhi anausomea ukuta, na baba yake yuko mlangoni anamsikiliza.

Basi mimi nikajua tumemaliza. Mtoto anasoma, mtoto anahesabu, Médiatrice atakuja kushangilia. Mwezi wa kumi mwalimu akamwita tena mzee. Aliporudi nilijua kuna jambo kwa jinsi alivyokaa. Alikaa juu ya ndoo, kofia mkononi.

"Mama Raya," akasema, "kusoma amesifiwa. Kuhesabu mwalimu anasema hawezi. Hata moja."

"Hawezi nini? Huyu anayenipigia kelele za thelathini kila jioni?"

"Ndiyo hivyo amesema."

Weee! Damu ilinipanda. Nikafunga genge, nikajitanda khanga, nikamwambia mzee simama twende. Njia nzima nampangia mwalimu maneno. Tukafika, mwalimu Manyanda akatusikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akasema kwa upole, "Dada, naona unafikiri namwonea mtoto. Kaa hapo utazame."

Akamwita Emelyne. Akamfungulia kitabu, kuna picha ya kuku na vifaranga. "Emelyne, vifaranga wangapi?" Mtoto akaangalia picha. Akaangalia chini. Kimya. Mwalimu akafungua ukurasa mwingine, ng'ombe wanakunywa maji. Kimya. Akamwonyesha dawati la mbele. "Haya, wenzako wangapi wamekaa pale?" Emelyne akafumba midomo mpaka ikawa mstari, machozi yanamlenga.

Mimi nilitazama miguu yangu. Maneno yote niliyoyapanga njiani nikayameza.

Mwalimu akatuambia upimaji ni Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Mzee Pontien akauliza swali moja tu. "Asipojibu?" Mwalimu akasema, "Atarudia la kwanza, mzee. Sina namna." Na sisi wawili tulijua kurudia maana yake nini. Maana yake ni Kasekese, kichanga mgongoni, na shule basi.

Ukweli niliupata kwa ajili ya mwewe. Ilikuwa Alhamisi, siku chache kabla ya upimaji. Kuku wangu alikuwa ameangua, ana vifaranga wazuri, wanatembea uani. Mwewe akashuka. Nikapiga ukelele, nikarusha kandambili, mwewe akapaa, sikuona kama kabeba kitu. Mimi mikono imejaa unga. Emelyne alikuwa karibu, nikamwambia, "Hebu niangalizie, vifaranga wangapi wamebaki?"

Akasema, "Wapo."

"Najua wapo. Wangapi?"

"Wapo, mama Raya." Na akaziba mdomo kwa mkono.

Nikasimama. Lile neno nalijua, nimelisikia miaka yote nyuma ya ua. Nikafuta mikono, nikachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, matofali si unahesabu?"

"Ndiyo."

"Na vijiko?"

"Ndiyo."

"Sasa vifaranga wana nini?"

Akanong'ona, "Sogokuru alisema wenye roho hawahesabiwi. Ukiwahesabu wanapungua."

Lahaula! Sikusubiri hata kunawa. Nilishuka bondeni na unga wangu mikononi, hasira zimenijaa, namwona tu mzee anafunika matofali yake kwa nyasi maana mawingu yalikuwa yameanza. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Mtoto anajua kila kitu, amefungwa mdomo na wewe, na kitabu kizima kimejaa kuku na ng'ombe na watoto, mzee umefanya nini?

Akaacha nyasi. Safari hii hakukawia sana.

"Mama alituvusha mto," akasema. "Mimi nipo mgongoni, haya nimesimuliwa na yeye. Upande wa pili akatukalisha kwenye majani. Wengine pale walikuwa wamepotelewa na watoto wao njiani. Akatuhesabu, anashika kichwa kimoja kimoja, akakuta tumetimia. Akafurahi, mama Raya. Akaitaja ile namba kwa sauti, watu wote wakasikia. Kaka yangu Ladislas alikuwa mzima kabisa, ndiye aliyebeba sufuria. Asubuhi akaamka na homa. Jua halijafika kichwani, amekufa. Mama akasema kifo kilikuwa kinapita pale kikasikia hesabu. Hakuhesabu tena mtu mpaka anazikwa. Hata kuku. Na sisi akatukataza, nami nikamkataza Médiatrice, na huyu nimemkataza siku ya kwanza alipokuja, alikuwa anahesabu kuku wangu."

Akapangusa viganja. "Sikukumbuka kama vitabu vina kuku."

Mimi hasira ziliniishia zote, sijui zilikwenda wapi. Nililia pale bondeni, unga mikononi, siwezi hata kujifuta. Na niligundua hata wakati ananisimulia hakuitaja ile namba.

Nilipoweza kusema nikamwambia, "Mzee wangu, ilikuwa homa. Watoto wametembea siku nyingi, wamekunywa maji ya njiani. Mama yako alikuwa anashukuru tu."

"Kichwani najua," akasema. "Kutamka ndiyo siwezi."

"Basi twende kwa mwalimu, tumweleze, ampime kwa mawe. Atakubali, yule si mtu mbaya."

Mzee akatazama matofali yake. "Na la pili watampima kwa nini? Na la tatu? Akiwa mama ana watoto wake, nao asiwahesabu?" Akachukua nyasi akaendelea kufunika. Nikajua hajamaliza kufikiri, nikaondoka.

Jumamosi alasiri akaja kwenye ua wangu, amevaa shati lake la kanisani. Akasema, "Mama Raya, niazime watoto."

Aliwaita wangu watatu, akawaita wa majirani, wakashuka bondeni wakidhani ni mchezo wa tope. Akawakalisha juu ya mstari wa matofali makavu, Emelyne akawa wa mwisho. Mimi nikasimama nyuma. Mzee akavua kofia. Akasogea kwa Raya wangu, akanyoosha mkono. Na mimi ninayejifanya jasiri, niliyesema ni homa tu, moyo ulinipasuka paa! Nusura niseme mwache mwanangu. Nikauma khanga.

Akamshika kichwa. "Moja."

Watoto wakacheka. Akasogea. "Mbili." Sauti haitoki vizuri. "Tatu." Emelyne kule mwisho ameacha kucheka, amemkodolea macho babu yake kwa woga. Mzee anaendelea, kichwa baada ya kichwa, jasho linamtoka kama amebeba tanuru zima. Alipofika "sita" akasimama muda mrefu. Nilidhani amekwama. "Saba." Kisha, "Nane."

Akabaki Emelyne. Mkono ukafika juu ya kichwa chake ukakataa kushuka. Ukabaki hewani hivyo. Midomo ya mzee inacheza, neno halitoki. Mtoto akamtazama. Akainua kichwa chake mwenyewe mpaka kikagusa kile kiganja, akasema kwa sauti yote aliyonayo, "Tisa!"

Mzee akakaa chini kwenye vumbi. Emelyne akateremka pale juu, akamwekea mkono kwenye mvi. "Sogokuru, umejisahau. Na wewe una roho. Kumi!"

Jumapili asubuhi nafagia, nikamwona yuko kwenye ua, macho yake yanaonyesha hakulala. "Wameamka?"

"Wameamka wote, wanagombania vitumbua."

"Niwaone."

Nikawatoa nje, na sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nilishaamka mapema nikawapapasa miguu mmoja mmoja. Akawahesabu. Akaenda kwa jirani wa pili, akahesabu. Akaenda kwa wa tatu. Alipomaliza mzunguko akarudi kunipa taarifa, uso umefunguka kama wa kijana, "Wametimia, mama Raya. Wote." Siku hiyo walifika kanisani nyimbo zimeshaanza, yeye na Emelyne, na hakujali.

Jumatatu tulikaa nje ya darasa kwenye kivuli cha ukuta. Saa ziligoma kwenda. Hatimaye mwalimu Manyanda akatoka, ameshika kidevu, anacheka. Akasema alimpa picha ya vifaranga, Emelyne akawagusa kwa kidole wote, akataja. Akampa ng'ombe, akataja. Akamwonyesha dawati la mbele, akahesabu. "Halafu nikamwambia inatosha, kaa. Akakataa. Akazunguka darasa zima anahesabu wenzake, wote, mpaka wa dirishani. Akaja akanishika mkono. Amenihesabu na mimi."

Mzee Pontien akasema, "Una roho, mwalimu."

Tukamweleza. Mwalimu akasikiliza, akatikisa kichwa. Akasema bibi yake mzaa baba naye hakupenda ng'ombe wake wahesabiwe mbele ya wageni, na yeye alikuwa amesahau kabisa. Tangu hapo mtoto akinyamaza darasani mwake, kwanza anampa vizibo vya soda ahesabu, ndipo anafungua kitabu.

Emelyne alivuka. Mwezi wa kumi na mbili Médiatrice akaja na kichanga chake, na nilimwona amebeba begi tupu, la kubebea nguo za mtoto endapo hakuvuka. Tulikuwa tumekaa kwa mzee tunakunywa uji. Emelyne akamsomea mama yake mfuko wa unga, maneno yote, mpaka yale ya chini madogo. Halafu akaanza kutuonyesha kwa kidole. "Mama, moja. Mdogo wangu, mbili." Médiatrice aliruka! Akamziba mtoto mdomo, akamgeukia baba yake kwa hofu.

Mzee akasema, "Mwache amalize."

Médiatrice akamtazama baba yake. Mkono ukashuka. Emelyne akamaliza, tukawa watano na mimi nimo. Médiatrice akampakata kichanga, akamwinamia, na nikaona midomo yake inajaribu ile namba kimya kimya. Alipoondoka kesho yake, begi lilikwenda tupu vilevile.

Mwaka huu mvua zilipoisha mzee akarudi bondeni. Jioni moja nikampelekea dagaa, nikamkuta na Emelyne, sasa wa la pili, meno ya mbele hana. Nikamtania ule utani wangu wa siku zote, bila kuwaza. "Mzee Pontien, hivi kwenu mlizaliwa wangapi?"

Akapangusa tofali bichi kwa kiganja. Nikasubiri, maana namjua.

"Saba," akasema.

Nikatua bakuli la dagaa chini, mimi Sauda.

Akamgeukia mjukuu wake akampa kijiti. "Andika hapa. Ladislas." Emelyne akauliza ni nani, mzee akasema ni kaka yangu, alikuwa anabeba sufuria. Mtoto akainama juu ya tope, ulimi nje, anatamka anaandika, la, di, akakwama kidogo, akapangusa, akaandika tena mpaka likatimia. Mzee akalisoma kwa kidole, herufi moja moja. Akasema hili haliuzwi, likishachomwa tutaliweka juu ya mlango. Nikaona kazi imekwisha, nikaokota bakuli langu.

Emelyne alikuwa hajainuka. Alikuwa anakunja vidole, midomo inacheza.

"Saba toa mmoja, wamebaki sita hawajaandikwa," akasema. "Sogokuru, lete udongo mwingine."